Somo la 12: Mtihani wa Mtoto Huanzia Nyumbani



Leo tutasoma juu ya jambo linalotuhusu wengi wetu. Jambo hilo ni mtihani wa watoto wetu wanaomaliza shule ya msingi.

Pengine unajiuliza hivi: "Mimi nimejifunza kusoma ukubwani. Mtoto wangu amekwisha nipita. Hesabu zake sizijui. Kiingereza chake sikielewi. Nitamsaidiaje?"

Swali hilo ni zuri. Wazazi wengi wanalo moyoni, lakini wanaona haya kulisema. Basi humwachia mwalimu kazi yote. Wakimwona mtoto ameshika daftari, husema, "Anasoma," kisha huendelea na shughuli zao. Matokeo yakiwa mabaya, hukasirika.

Somo hili litakuonyesha kwamba mzazi anaweza kumsaidia mtoto kujiandaa kwa mtihani hata kama hajui majibu. Soma polepole. Ukimaliza sehemu moja, funga kitabu, jiulize umesoma nini. Mwishoni utajua kwa nini nimekuambia ufanye hivyo.

1. Mtihani ni kama mavuno

Mkulima hapati mavuno kwa kazi ya siku moja. Husafisha shamba, hulima, hupanda, hupalilia, hulinda ndege na nyani. Ndipo huvuna. Mtu ambaye hakupalilia hawezi kuamka usiku mmoja kabla ya mavuno, akachukua jembe na taa, akaliokoa shamba.

Mtihani nao ni hivyo hivyo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa miaka mingi watu wameuita mtihani wa darasa la saba. Katika miaka ya karibuni umefanyika mwezi wa Septemba. Lakini mtoto hupata au hukosa kwa kazi ya miezi iliyotangulia. Kazi hiyo nyingine hufanyika shuleni, nyingine nyumbani. Ya shuleni ni ya mwalimu. Ya nyumbani ni ya mtoto, na wewe ni msaidizi wake.

Wala usidhani kwamba mtihani ni kitu cha watoto peke yao. Mwezi wa Agosti 1975 watu wazima wa Tanzania walifanya mtihani wa kisomo nchi nzima. Mamilioni ya wakulima, wavuvi, wafugaji na akina mama wenye watoto mgongoni walishika kalamu wakapimwa. Walipangwa katika hatua nne, kwa jinsi walivyojua kusoma, kuandika na kuhesabu. Pengine bibi yako au babu yako alikuwa mmoja wao. Kama yupo hai, mwulize. Atakueleza jinsi mkono ulivyotetemeka. Basi nawe ukimwona mtoto wako anaogopa mtihani, usimcheke.

2. Mama Rehema na binti yake

Tuchukue mfano. Tuseme yupo mama mmoja kijijini, tumwite Mama Rehema. Binti yake Rehema yuko darasa la saba. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Rehema huchukua daftari la Sayansi. Husoma kwa sauti ukurasa mmoja mara tano. Mama yake husikia sauti hiyo akiwa jikoni, naye hufurahi.

Siku moja Mama Rehema akamwita.

"Mwanangu, umesoma nini leo?"

"Nimesoma jinsi mmea unavyotengeneza chakula, mama."

"Vizuri. Hebu funga daftari, unieleze."

Rehema akafunga daftari. Akasema, "Mmea hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, na maji, na… na…" Akanyamaza. Akataka kufungua daftari.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Fikiri."

Rehema akafikiri. Hakukumbuka. Akasikitika, akasema, "Lakini mama, sasa hivi nilikuwa nalijua!"

Rehema hakusema uongo. Alipokuwa anatazama daftari, kila neno lilikuwa mbele ya macho yake. Akadhani limeingia kichwani. Kumbe lilikuwa bado kwenye karatasi.

Hapo ndipo watoto wengi hukosea. Kuona maneno si kuyajua. Katika chumba cha mtihani daftari halipo. Mtoto anabaki na kile kilicho kichwani tu. Kwa hiyo sharti ajizoeze nyumbani kutoa maneno kichwani bila kutazama.

Mama Rehema alimwambia binti yake afungue daftari, atafute kilichompotea. Rehema akasoma: "Hewa ya kabonidayoksaidi." Akafunga tena. Akaeleza tangu mwanzo, safari hii bila kukwama. Kesho yake jioni, kabla ya kuanza somo jipya, mama akamwuliza tena swali lile lile la mmea. Rehema akajibu akicheka.

Je, Mama Rehema alimfundisha binti yake Sayansi? Hapana. Alimwuliza tu, akamsikiliza.

3. Kwa nini mtu husahau

Zamani palikuwa na mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus. Alitaka kujua jinsi mtu anavyosahau. Akajipima mwenyewe. Alijifunza silabi nyingi zisizo na maana mpaka akazijua kwa moyo. Wewe unazijua silabi, kwa kuwa ulianza kisomo kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kisha akangoja, akajipima tena kuona amebakiwa na kiasi gani.

Alitoa habari za kazi hiyo katika kitabu mwaka 1885. Alikuta kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili zilikuwa zimepotea. Lakini alikuta pia jambo la kutia moyo. Alipojifunza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, alihitaji kurudia mara chache kuliko alipojifunza yote kwa siku moja.

Wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mtaalamu huyu alipima, akaona ndivyo ilivyo.

Basi mtoto akisahau, usimwite mjinga. Kusahau ni desturi ya kichwa cha mtu, kama magugu ni desturi ya shamba. Dawa ya magugu ni palizi. Dawa ya kusahau ni kulirudia somo baada ya siku moja, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi.

4. Kusoma tena na tena, au kujiuliza?

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa habari za jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fulani mara nne. Kundi jingine liliisoma habari hiyo hiyo mara moja tu, kisha wanafunzi wakafunga karatasi wakaandika yote waliyokumbuka. Walifanya hivyo mara tatu.

Dakika tano baadaye wakapimwa. Waliosoma mara nne walishinda. Walikumbuka sehemu 83 katika kila 100. Wenzao walikumbuka sehemu 71.

Lakini wengine wa makundi hayo walipimwa baada ya wiki moja. Mambo yakageuka. Waliosoma mara nne walikumbuka sehemu 40 tu katika 100. Wale waliosoma mara moja na kujiuliza mara tatu walikumbuka sehemu 61.

Tunajifunza nini? Kusoma tena na tena humfanya mtu ajione anajua leo. Kujiuliza humfanya ajue hata wiki ijayo. Na mtihani hauji leo.

5. Namna ya kumsikiliza mtoto

Mimi ninayeandika somo hili nililelewa na mama ambaye hakujua kusoma. Nilipokuwa darasa la saba, kila jioni aliniambia nimpe daftari langu, kisha nimweleze niliyojifunza. Alilitazama daftari huku mimi nikisema. Nikikosea aliniambia, "Rudia hapo." Mimi niliamini anafuata maneno.

Jioni moja nikamwona amelishika daftari juu chini. Nikashangaa. Nikamwuliza, "Mama, kama husomi, unajuaje nimekosea?"

Akanijibu, "Ukijua, unasema upesi. Usipojua, unasita, na macho yako yanakimbilia daftari."

Nilifaulu mtihani ule. Leo nafanya kazi ya elimu ya watu wazima, na kila ninapoingia darasani naikumbuka jioni ile. Mama yangu hakujua hata herufi moja, lakini alifanya kazi ya mwalimu msaidizi. Wewe unajua kusoma. Je, hutaweza zaidi yake?

Fanya hivi:

(a) Chagua wakati mmoja kila siku. Dakika 40 zatosha. Wakati huo mtoto asitumwe dukani wala kisimani.

(b) Mwache mtoto asome peke yake kwa dakika 20.

(c) Kisha chukua daftari, ulishike wewe. Mwambie aeleze aliyosoma kwa maneno yake mwenyewe.

(d) Akikwama, usimpe jibu mara moja. Ngoja. Hesabu polepole mpaka kumi. Asipokumbuka, mrudishie daftari atafute, kisha alifunge na kueleza tena.

(e) Mwulize pia maswali matatu ya siku zilizopita.

(f) Akipata, mwambie umefurahi. Akikosa, mwambie, "Hili tutalirudia kesho." Usimpige wala kumtukana. Mtoto anayeogopa kofi hufikiri juu ya kofi, hafikiri juu ya swali.

Sasa tuangalie masomo mawili yanayowatisha wazazi.

Kiingereza. Husemi Kiingereza, lakini herufi zake unazijua. Mwambie mtoto aandike maneno kumi ya Kiingereza upande wa kushoto wa karatasi, na maana yake kwa Kiswahili upande wa kulia. Funika upande wa kushoto kwa mkono. Soma neno la Kiswahili. Mtoto ataje neno la Kiingereza, kisha aliandike kwenye karatasi nyingine. Halafu linganisha herufi moja moja. Kama herufi zimelingana, amepata. Kazi hiyo hata wewe unaiweza.

Hesabu. Usidhani huzijui kabisa. Mpe mtoto hesabu za nyumbani kwako. Kwa mfano: "Tumevuna magunia 8 ya mahindi. Kila gunia ni madebe 6. Robo ya mahindi tunaweka ya chakula. Tutauza madebe mangapi?" Mtoto afanye kwa kalamu, nawe fanya kichwani. Magunia 8 ni madebe 48. Robo yake ni 12. Yanabaki 36. Mkipata majibu mawili tofauti, tafuteni pamoja nani amekosea. Mtoto akiona hesabu inahusu chakula chao, ataacha kuiogopa.

6. Ratiba ya nyumbani

Mtoto asiye na ratiba husoma somo analolipenda na kulikimbia analoliogopa. Kaeni pamoja mwandike ratiba, muibandike ukutani. Iwe kama hii:

Jumatatu: Hisabati
Jumanne: Kiswahili
Jumatano: Sayansi
Alhamisi: Kiingereza
Ijumaa: masomo mengine, kama mwalimu atakavyoelekeza
Jumamosi: kurudia yaliyomshinda wiki nzima
Jumapili: kupumzika

Dakika 40 zaonekana ni chache. Hebu tupige hesabu. Dakika 40 kwa siku 5 ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Kwa wiki 10 ni saa 33 na dakika 20. Hakuna mtoto anayeweza kukaa saa 33 akisoma usiku wa kuamkia mtihani. Lakini kidogo kidogo anaweza.

Sasa tuseme kweli juu ya kazi za nyumbani. Katika nyumba nyingi mtoto wa kike huteka maji, hupika, huosha vyombo na kumbeba mdogo wake. Kaka yake hurudi shuleni akacheza mpira. Jioni wote wawili huambiwa wakasome. Msichana anasinzia juu ya daftari. Matokeo yakitoka, watu husema, "Wasichana hawana akili." Je, ni akili zilizokosekana, au ni muda? Gawa kazi kwa haki. Mvulana naye anaweza kuteka maji na kufagia uwanja.

Jambo jingine ni mwanga. Kusoma kwa koroboi huumiza macho, na moshi wake ni mbaya kwa kifua. Pia koroboi inaweza kuunguza nyumba mtoto akisinzia. Kama mna umeme au taa ndogo ya jua, mtoto anayesoma apewe kwanza. Kama hakuna, asome kabla jua halijatua, na kazi nyingine zifanyike baadaye.

7. Shamba, mnada na shule

Najua wakati wa palizi mikono haitoshi. Pia siku ya mnada unahitaji mtu wa kubeba mzigo. Ni rahisi kumwambia mtoto, "Leo usiende shule, kesho utakwenda." Lakini hebu hesabu. Mtoto akikosa shule siku 3 kwa wiki, kwa wiki 4 za palizi, amekosa siku 12. Katika siku hizo mwalimu amefundisha, wenzake wamesonga mbele. Hesabu za leo hujengwa juu ya hesabu za jana. Mtoto akikosa tofali la chini, la juu litakaa wapi?

Tangu mwaka 2002 shule za msingi za serikali hazitozi ada. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa pia katika shule za sekondari za serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Bado tunanunua sare, madaftari na kalamu, lakini ada haimzuii tena mtoto wa mkulima. Basi tusimzuie sisi wenyewe. Kama kazi ni nyingi, wekeni zamu na majirani, leo shamba la huyu, kesho la yule, kama wazee walivyofanya. Mtoto aje shambani baada ya masomo au Jumamosi, kwa saa chache.

Kama mtoto amekosa shule kwa ugonjwa, mwandikie mwalimu. Wewe sasa unajua kuandika. Barua yako yaweza kuwa hivi:

*Kwa Mwalimu wa darasa la saba,*
*Salaam. Mimi ni mzazi wa Rehema. Alikuwa mgonjwa tangu Jumatatu mpaka Alhamisi. Sasa amepona. Naomba unijulishe masomo aliyoyakosa ili ayasome nyumbani. Pia naomba kujua ni somo gani linalomshinda zaidi.*
*Ahsante. Mama Rehema.*

Barua ya mistari minne humfanya mwalimu ajue kwamba mtoto huyu ana mtu nyuma yake.

8. Wiki ya mwisho na siku ya mtihani

Wiki ya mwisho si wakati wa kuanza mambo mapya. Mtoto arudie yale aliyokwisha jifunza, hasa yale yaliyokuwa yakimpotea. Alale mapema. Usingizi si uvivu. Mtu anapolala, kichwa hupanga na kuhifadhi mambo aliyojifunza mchana. Mtoto anayekesha huingia chumba cha mtihani na macho mekundu, akasoma swali mara tatu bila kulielewa.

Usiku kabla ya mtihani, tayarisheni pamoja: sare iliyofuliwa, penseli mbili zilizochongwa, kifutio, kalamu na rula. Asubuhi ale chakula alichozoea, kama uji au viazi au ugali wa jana. Atoke nyumbani mapema ili asikimbie njiani. Siku hiyo nyumbani pasiwe na ugomvi.

Mfundishe mambo haya ya chumba cha mtihani:

Asome kila swali mara mbili kabla ya kujibu.
Aanze na maswali anayoyajua. Gumu aliache, atalirudia.
Katika maswali ya kuchagua, afute kwanza kichwani majibu ambayo ana hakika si sahihi, ndipo achague katika yaliyobaki.
Asiache swali wazi.
Akimaliza mapema, arudie kazi yake tangu mwanzo.

Tena kuna jambo la hatari. Watu wengine huja kunong'ona kwamba wanauza maswali ya mtihani. Usitoe hata senti moja. Mara nyingi hao ni matapeli tu. Na kama ni kweli, ni wizi, nawe unamfundisha mwanao kuiba. Mwaka 2011 matokeo ya maelfu ya watoto wa darasa la saba yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Miaka yao saba ya kusoma ilifika hapo.

9. Kama hakufaulu

Tufanye yote, lakini tukumbuke kwamba mtihani ni mtihani. Wako watakaofaulu na wako watakaokosa. Siku ya matokeo, mtoto aliyekosa hutazama kwanza uso wa mzazi wake. Neno utakalosema wakati huo atalikumbuka maisha yake yote.

Usimwambie, "Umenipotezea bure." Usiharakishe kumwoza binti, wala kumtuma kijana mjini akahangaike. Mwambie, "Wewe ni mwanangu. Kaa tufikiri." Kisha mwende kwa mwalimu mkuu na kwa Afisa Elimu Kata, muulize njia zilizopo. Zipo kazi za ufundi: useremala, uashi, ushonaji, umeme. Wapo pia watu waliosoma sekondari wakiwa watu wazima, katika madarasa ya jioni, wakafanya Mtihani wa Maarifa na kuendelea mpaka kidato cha nne. Wewe mwenyewe ni ushahidi kwamba mlango wa elimu haufungwi na umri.

10. Mambo ya kukumbuka

Kuona maneno si kuyajua. Mtoto afunge daftari aeleze.
Kidogo kila siku ni bora kuliko kingi usiku mmoja.
Yaliyosomwa jana yaulizwe leo, na tena wiki ijayo.
Mtoto apewe muda, mwanga, chakula na usingizi.
Asiachishwe shule kwa ajili ya palizi au mnada.
Mzazi haitaji kujua majibu. Anahitaji kukaa chini na kusikiliza.

Maswali

Funga kitabu ujibu. Ukikwama, fikiri kwanza, ndipo ufungue.

1. Kwa nini Rehema alidhani amelijua somo la mmea, kumbe bado?
2. Katika jaribio la mwaka 2006, ni kundi gani lililokumbuka zaidi baada ya wiki moja?
3. Mtoto akikwama wakati anaeleza, mzazi afanye nini?
4. Mzazi asiyesema Kiingereza atamsaidiaje mtoto kujifunza maneno kumi?
5. Kwa nini si vizuri kukesha usiku kabla ya mtihani?

Hesabu

1. Mtoto anasoma nyumbani dakika 30 kila siku kwa siku 6. Amesoma saa ngapi kwa wiki?
2. Mtoto amekosa shule siku 2 kwa wiki, kwa wiki 5. Amekosa siku ngapi?

Kazi ya nyumbani

Leo jioni mwite mtoto wako, au mtoto wa jirani. Mwombe daftari moja. Mwambie akueleze alilojifunza leo bila kutazama. Sikiliza mahali anaposita. Kisha andika katika daftari lako mistari mitatu: alieleza nini, alikwama wapi, na mtarudia lini. Lete daftari hilo darasani wiki ijayo, utusomee.